Kamera nne za karakana moja Kariobangi: kisa na uchambuzi wake

Karakana yenyewe iko Kariobangi Light Industries, Nairobi, ndani ya ukumbi wa mabati ambao kikundi cha mafundi kimeukodi kwa pamoja. Ni watu thelathini hivi. Kila mmoja anachanga ada ya mwezi, anatumia mashine za kikundi na ana meza yake mwenyewe. Kazi za mbao ziko mbele, karibu na lango, kwa sababu mbao hushushwa hapo. Chuma kiko nyuma kabisa, maana cheche za grainda na unga wa mbao havifai kukaribiana. Katikati kuna stoo ya wavu. Kwenye kona moja kuna benchi, jiko la makaa, misumari ya kutundikia nguo na mkeka uliokunjwa: hapo watu hunywa chai, hubadilisha ovaroli, na wengine husali. Kikundi sikitaji jina, na watu nitawataja kwa kazi zao tu. Ndivyo tulivyokubaliana nao waliponiita kusikiliza mgogoro wao.

Mgogoro ulianza kwa wizi. Ziliondoka grainda mbili za kikundi, kisha kebo ya mashine ya kuchomelea, ile nene ya shaba. Yeyote anayejua bei ya shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu anaelewa kwa nini kebo haikudumu. Hakuna mlango uliovunjwa, kwa hiyo kila mtu akaanza kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Mwenyekiti, mzee aliyeanza ufundi Kamukunji akiwa kijana, akaona afadhali pesa za kikundi ziingie kwenye kamera kuliko kikundi kivunjike. Kamati ikakubali. Wakanunua kamera nne na DVR moja, yaani kifaa cha kuhifadhi rekodi zake, huko Luthuli Avenue, na fundi aliyewauzia akaja kuzifunga siku hiyo hiyo.

Hakuna aliyemuuliza kamera ziangalie nini. Yeye akafanya kama afanyavyo kwenye duka au ploti yoyote: moja langoni, moja juu kabisa kwenye pembe ya ukumbi ili “ionekane yote”, moja ikitazama msumeno wa meza, na ya nne kwenye ile kona ya chai, kwa sababu ndipo waya ulipofika kwa urahisi. Maikrofoni akaziacha wazi. Nywila ikabaki ile iliyotoka kiwandani. Programu ya kutazamia ikawekwa kwenye simu ya mwenyekiti, ya katibu na ya mweka hazina, na fundi naye akabaki nayo kwenye simu yake “in case kuna shida”.

Matokeo yalikuja haraka, lakini hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Mwenyekiti akiwa nyumbani alimpigia simu kijana wa kuchomelea kumuuliza mbona amekaa muda mrefu. Kijana alikuwa anangoja mteja alete mabomba, na isitoshe hakuajiriwa na mwenyekiti. Yeye ni mwanachama anayelipa ada kama wengine. Siku chache baadaye, video ya fundi mwingine akizozana na mteja juu ya pesa za awali ilionekana kwenye kundi la WhatsApp la kamati, na kutoka hapo ikafika kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga karakana. Mama anayeshona makochi aliacha kubadilisha nguo kwenye kona, akawa anarudi nyumbani Huruma na ovaroli iliyojaa vumbi la sponji. Na fundi wa vitanda, aliyekuwa amebuni kitanda cha kukunja kwa ajili ya vyumba vidogo vya kupanga, alitundika turubai kuzunguka meza yake yote. Aliogopa mtu ataiona bawaba yake kwenye simu na kuiiga.

Kisha ukatokea wizi mwingine, mbele ya kamera zote nne. Drili ya huyo huyo fundi wa vitanda ilichukuliwa mezani. Rekodi ikafunguliwa. Ikaonyesha mtu mwenye kofia ya jaketi akipita kwenye meza, na saa ya DVR ilisema ni saa sita usiku. Usiku wa manane aliyekuwepo ni mlinzi peke yake, kwa hiyo mlinzi akasimamishwa kazi.

Katibu ndiye aliyeokoa jambo hili. Aliitazama tena rekodi polepole na kugundua kwamba nyuma ya yule mtu, mafundi wawili walikuwa wanavua ovaroli na kukusanya vitu vyao. Nani anavua ovaroli saa sita usiku? DVR haikuwahi kuwekewa saa ya Nairobi. Ilikuwa bado na saa ya China, ambayo iko mbele ya yetu kwa saa tano. Drili iliibwa saa moja jioni, watu wakiwa wanatoka, wakati mlinzi hata hajaingia. Alirudishwa kazini, na kamati ikamwomba msamaha mbele ya wanachama wote. Nawasifu kwa hilo. Aliyeiba hajulikani mpaka leo.

Hapo ndipo wanachama walipogawanyika, na nadhani waligawanyika mahali pasipofaa. Upande mmoja ulisema kamera zing'olewe zote, zimeleta fitina na hazikumkamata mtu. Upande wa pili ulisema kamera nne hazitoshi, ziongezwe nne nyingine na diski kubwa ya kuweka rekodi miezi mitatu. Pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila kulisema: kwamba faragha na manufaa vinavutana, ukipata kimoja unapoteza kingine. Nilipozipitia zile kamera moja moja niliona sivyo. Kamera zilizokuwa zinawaudhi watu zaidi ndizo zilikuwa hazina kazi hata kidogo, na kwa sababu ile ile: hakuna aliyejua zinajibu swali gani.

Chukua kamera ya pembe ya ukumbi, ile ya kuonyesha yote. Ni kamera ya kawaida ya megapikseli 2. Picha yake ina nukta 1,920 kwa upana. Kiwango cha kimataifa cha kamera za usalama, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilitaka nukta 250 kwa kila mita ya upana ili uso wa mtu usiyemjua utambulike bila shaka. Piga hesabu: nukta hizo zinatosha upana wa mita saba na nusu tu. Kwa lenzi pana kama hiyo, inayoona digrii mia moja hivi, upana huo unapatikana mita tatu mbele ya kamera. Meza ya fundi wa vitanda iko mita kumi na mbili. Kwa umbali huo uso mzima wa mtu unapata nukta kama kumi kwa upana. Kwa hiyo kamera iliweza kuona kwamba kijana wa kuchomelea amekaa, kwamba fundi anazozana na mteja, kwamba mama amevua ovaroli, kwa sababu hao wanajulikana kwa umbo na mahali walipo. Isichoweza ni kumtambua mgeni mwenye kofia. Ilifaa kuwachunga wanachama, haikufaa kumkamata mwizi.

Kamera ya kona ya chai haihitaji hesabu. Hakuna mashine pale, hakuna chombo cha kuiba zaidi ya birika. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na faragha ya mawasiliano yake, na pale palikuwa na vyote viwili: watu wakibadilisha nguo na watu wakizungumza, na maikrofoni juu yao. Tena kelele za karakana ni za kiasi kwamba maikrofoni hazikushika chochote mchana isipokuwa wakati wa chai, mashine zikiwa zimezimwa na watu wakizungumzia madeni yao na ndoa zao. Sauti haimtambulishi mwizi wa grainda. Niliwaambia kamera hiyo iondolewe siku hiyo hiyo, kabla ya kikao na kabla ya kura, na iliondolewa.

Sasa sheria, maana wengi waliamini haiwahusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamsamehe mtu anayeshughulikia data kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani kwake. Kikundi chenye wanachama, ada na wateja si nyumba ya mtu. Kanuni za usajili za 2021 zinavisamehe vikundi na biashara ndogo, zenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi, visijisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini kuna orodha ya shughuli ambazo msamaha huo hauzigusi, na kuendesha CCTV ya usalama imo kwenye orodha. Ada ya usajili kwa wadogo ni shilingi 4,000. Hata ukiwa umesamehewa usajili, kanuni nyingine za sheria bado zinakubana. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna ilitangaza faini dhidi ya klabu moja ya burudani Nairobi, shilingi 1,850,000, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na dhidi ya shule moja, shilingi 4,550,000, kwa picha za watoto. Video ya ugomvi wa pesa za awali haikuwa mbali na hapo.

Mweka hazina alipendekeza suluhisho ambalo wengi hulikimbilia: kila mwanachama atie sahihi fomu ya kukubali kurekodiwa. Nililipinga, na ningelipinga tena. Ridhaa kwa sheria hii lazima iwe ya hiari, na mtu anaweza kuiondoa wakati wowote. Fundi ambaye mashine zake zote za kazi ziko ndani ya ukumbi huo hana hiari ya kukataa. Atatia sahihi kwa sababu ana kodi ya kulipa. Na akija kesho kuiondoa, mtaizima kamera ya lango kwa ajili yake mmoja? Msingi unaofaa hapa ni maslahi halali ya kikundi kulinda mali yake, na msingi huo unakuja na masharti: useme wazi lengo lako, uchukue kile tu kinachohitajika kwa lengo hilo, na uwaambie watu kabla hujawarekodi. Fomu ya ridhaa ingekuwa njia ya kukwepa maswali hayo.

Kwa hiyo kikao kilianza na swali moja kwa kila kamera: unataka ikuambie nini?

Ya langoni jibu lilikuwa rahisi. Ni nani ameingia, ni nani ametoka, amebeba nini. Ikashushwa kutoka juu ya paa hadi juu kidogo ya kichwa cha mtu, ikielekezwa ndani ya mita tatu, na sehemu ya picha iliyokuwa inaonyesha kibanda cha chakula cha jirani ikafunikwa kwa weusi kwenye mipangilio ya DVR. Mama wa kibanda hakuwa anajua kama amekuwa akirekodiwa akihesabu pesa zake kila jioni.

Kamera ya kona ilihamishiwa mlango wa stoo, kwa sababu swali halisi la kikundi tangu mwanzo lilikuwa hili: nani alichukua grainda? Pale mlangoni kila mtu anapita karibu, uso wazi, na hakuna anayekaa pale kufanya kazi, kwa hiyo hakuna anayechungwa.

Ya pembe ya ukumbi ndiyo ilichukua muda. Mlinzi mwenyewe, yule aliyesingiziwa, alitaka ibaki usiku. Alisema kama ingekuwa na saa sahihi, isingemchukua mtu muda wowote kuona kwamba hakuhusika. Hoja yake ilikuwa na uzito kuliko zote zilizotolewa siku hiyo, na iliwanyamazisha waliotaka kamera zote zing'olewe. Ukumbi usiku ni mtupu. Hakuna faragha ya mtu inayoguswa isipokuwa ya mlinzi, naye anaitaka. Katibu akasema ataiwekea DVR ratiba, iwake saa tatu usiku na kuzima saa kumi na mbili asubuhi. Hapo mama wa makochi akasimama: “Katibu, mwanangu, mimi nitajuaje kama imezimwa? Nitakuuliza wewe kila asubuhi?”

Alikuwa na haki. Ratiba iliyo ndani ya mashine inajulikana na mwenye nywila tu, na mtu anayefanya kazi chini ya lenzi hawezi kuiona. Fundi wa mbao akatengeneza kifuniko cha ubao chenye bawaba, mlinzi anakifungua akiingia kazini na kukifunga asubuhi akitoka. Ukiinua macho unaona ubao au unaona lenzi. Katika hatua zote walizochukua hii ndiyo naipenda zaidi, na haikugharimu chochote isipokuwa kipande cha mbao na bawaba moja.

Iliyobaki ni kamera ya msumeno wa meza. Hii haikuwekwa kwa ajili ya wizi. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alikatwa vidole, na hakuna aliyeweza kueleza ilitokeaje. Waliotaka ibaki walisema ajali ijayo tutajua chanzo. Mimi nilikuwa upande wa kuiondoa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, na msumeno huo ulikuwa umeondolewa kinga yake ya juu ili mbao nene zipite. Kamera ingeonyesha vizuri sana jinsi vidole vya pili vinavyokatwa. Kikao kilipiga kura: kinga irudishwe, vitengenezwe vijiti vya kusukumia mbao, na kamera iondolewe. Kura zilikaribiana. Walioshindwa wanaamini bado kwamba vyote viwili vingewezekana, na sioni kama wamekosea kabisa. Kamera inayotazama meza ya msumeno kutoka juu, mikono tu bila nyuso, na inayojifuta kila siku, ningeivumilia.

Kuhusu nani anashika rekodi, hapa faragha na manufaa vilienda pamoja hadi mwisho. Programu ilifutwa kwenye simu zote na nywila ikabadilishwa, hivyo fundi wa Luthuli naye hana njia tena. Ile ya kufuta kwenye simu yake mwenyewe mwenyekiti aliipinga. Alisema nyumba isiyo na macho ya mwenyewe huliwa na panya. Kilichomshawishi ni mahakama. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kilichotiwa sahihi na mtu anayehusika na uendeshaji wa kifaa, kikieleza rekodi ilipatikana vipi. Video iliyopita kwenye simu za watu wanne na kubanwa na WhatsApp ikapoteza ubora na saa yake ya awali itamkera hakimu na kumfurahisha wakili wa mwizi. Sasa DVR imo ndani ya sanduku la chuma walilochomelea wenyewe. Nusu ya nywila anayo katibu, nusu anayo mwanachama asiye wa kamati. Kila rekodi inapofunguliwa, daftari linaandikwa: nani ameomba, kwa sababu gani, dakika zipi zimetazamwa. Polisi wakija na nambari ya OB, daftari lao la matukio, wanapewa nakala, na hilo nalo linaandikwa. Mwanachama akitaka kipande anachoonekana yeye, anapewa ndani ya siku saba bila malipo, kama kanuni zinavyotaka, nyuso za wengine zikiwa zimefunikwa.

Na ile miezi mitatu ya rekodi? Kamera moja kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 22 kwa siku. Nne zilikuwa zinaijaza diski ya terabaiti 1 kwa siku kumi na moja hivi, kisha ya zamani inafutwa. Waliotaka diski kubwa walikuwa na sababu, kwa kuwa kebo ya shaba iligunduliwa haipo muda mrefu baada ya kuondoka. Lakini ugonjwa pale ni kwamba stoo haihesabiwi. Sasa inahesabiwa kila Ijumaa jioni, vyombo vyote, kwa daftari. Kitu kikipotea kinajulikana ndani ya wiki moja, na rekodi za siku kumi na nne zinatosha kabisa. Hizi zinajifuta zenyewe. Kila siku ya ziada ingekuwa siku ya maisha ya watu iliyowekwa bila swali la kujibu.

Langoni kuna ubao wa rangi nyeupe kwa Kiswahili: kamera zipo, zinaangalia lango na mlango wa stoo mchana, ukumbi usiku, hazinasi sauti, rekodi hukaa siku kumi na nne, mwulize katibu. Wateja huusoma wakingoja.

Mtu mmoja hajaridhika, na malalamiko yake ni ya haki. Ni fundi wa vitanda. Drili yake iliibwa mezani, jioni, na mpangilio mpya hauangalii meza yoyote kabla ya saa tatu usiku. Aliambiwa avifungie vyombo vyake kabatini. Akajibu kwamba kabati lake lilishawahi kufunguliwa kwa waya, na bado anataka kumwona aliyelifungua. Ameomba ruhusa ya kununua kamera yake mwenyewe na kuielekeza mezani kwake. Majirani wa meza wamekataa, kwa kuwa kamera hiyo ingewarekodi wao kutwa, na kamati imeahirisha uamuzi hadi kikao kijacho.

Nimewaandikia maoni yangu. Wamkubalie, lakini kamera ikae ndani ya kabati, ikitazama mlango wake. Mlango ukifungwa haioni kitu. Ukifunguliwa inamwona aliyeufungua, uso kwa uso, kwa nusu mita, na haimwoni mwingine yeyote. Waya uingie kwenye DVR ya kikundi, rekodi zifutwe kwa siku zile zile kumi na nne, na yeye mwenyewe akitaka kutazama apitie kwenye daftari kama wanachama wengine wote. Sharti hilo la mwisho halipendi.